Jasho, Mafuta na Majipu: Tuliyojifunza kwenye Ngozi za Watu wa Tanga

Paji la uso la mtu mzima lina tezi za mafuta kati ya 400 na 900 katika kila sentimita moja ya mraba. Kiganja cha mkono hakina hata moja, wala unyayo. Ukiishika hesabu hiyo kichwani, mengi ya matatizo ya ngozi ambayo watu wa Tanga hutuletea huanza kueleweka, kuanzia majipu ya kwapani ya vijana wa Ngamiani hadi magaga ya akina mama wanaolima mwani upande wa Mkinga. Makosa mengi tunayokutana nayo yana mzizi mmoja. Watu huyahesabu mafuta yanayotoka mwilini kuwa uchafu, huyasugua asubuhi, mchana na jioni, kisha hushangaa ngozi inaposhindwa kujilinda.

Tezi yenyewe ni kifuko kidogo kilichoshikamana na ubavu wa shimo la unywele. Inavyofanya kazi ni ajabu kidogo. Tezi ya jasho humwaga maji ikabaki ilivyo, lakini seli ya tezi ya mafuta hujijaza mafuta kwa wiki mbili hadi tatu, halafu hupasuka na kufa, na vyote vilivyokuwa ndani yake ndivyo vinavyopanda kwenye shimo la unywele hadi juu ya ngozi. Ndiyo maana dawa ya kupunguza mafuta usoni huonyesha matokeo baada ya wiki kadhaa. Anayebadilisha krimu kila baada ya siku tatu hajaipa hata moja nafasi ya kufanya kazi.

Mafuta hayo, kitaalamu sebumu, ni mchanganyiko. Zaidi ya nusu ni trigliseridi (asidi tatu za mafuta zilizofungwa kwenye gliseroli moja) na asidi za mafuta zilizo huru, robo hivi ni nta, skwaleni huchukua kama asilimia 12, na kolesteroli ni kidogo. Nguvu ya kuua bakteria imo hasa kwenye asidi za mafuta. Moja yake, asidi ya sapieniki, ni ya binadamu. Wanyama wengine wenye manyoya hawana. Nyingine ni asidi ya lauriki, ileile iliyojaa kwenye nazi. Asidi hizi hujipenyeza kwenye utando wa seli ya bakteria, utando ukalegea, vya ndani vikavuja, na bakteria akakosa namna ya kujizalishia nguvu. Anayeumizwa sana nazo ni Staphylococcus aureus, bakteria anayesababisha majipu mengi.

Tezi haitoi asidi hizo zote zikiwa tayari. Nyingi hutoka zimefungwa ndani ya trigliseridi, na anayezifungua ni bakteria mwingine, Cutibacterium acnes, aliyeweka makazi ndani ya shimo la unywele. Yeye anataka gliseroli ale. Asidi zinazobaki hufanya ngozi iwe chachu na kumfukuza stafilokokasi. Watu wanamjua kwa sababu ya chunusi, na lawama hiyo ina ukweli wake, maana akizidi kwenye shimo lililoziba huleta uvimbe na usaha. Lakini kumtokomeza kabisa ni hasara. Asidi anazozifungua huziamsha pia seli za tezi zitengeneze defensini, protini ndogo inayoua bakteria. Mwaka 2022, watafiti wa UT Southwestern kule Dallas, Marekani, walionyesha kwamba protini za kundi la SPRR, ambazo kwa miaka mingi zilihesabiwa kuwa vifaa vya kujengea ukuta wa ngozi tu, zenyewe hutoboa utando wa bakteria. Panya waliozaliwa bila protini hizo waliugua zaidi walipowekewa stafilokokasi sugu juu ya ngozi.

Stafilokokasi naye hakulala. Ana protini juu ya gamba lake zinazomsaidia kuzihimili asidi hizo kwa kiasi fulani. Kwa hiyo ulinzi huu si ukuta usiopitika. Hupungua ngozi inapochubuka, inaposuguana na nguo iliyoloa jasho, na inapopokonywa mafuta yake kila baada ya saa chache. Hili la mwisho ndilo lililo mikononi mwetu, na ndilo linaloharibiwa zaidi.

Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, kuoga mara tatu kwa siku Tanga si anasa. Maji hayana neno. Tatizo ni sabuni kila mara, mwili mzima, na dodoki juu yake. Ngozi yenye afya ina pH, yaani kipimo cha uchachu, ya 4.5 hadi 5.5 hivi; namba ikiwa ndogo, uchachu ni mwingi. Sabuni ya mche, pamoja na vipande vingi vinavyouzwa kwa ajili ya kuogea, ina pH ya 9 hadi 10. Ukishajipaka, uchachu wa ngozi huondoka, na huchukua saa kadhaa kurudi. Anayejisabuni alfajiri, saa saba mchana na saa mbili usiku, ngozi yake hukesha na kushinda ikitafuta uchachu wake.

Tunachowaelekeza watu ni sabuni mara moja kwa siku, ikiwezekana jioni, na iende panapohitaji: kwapa, kinena, nyayo, mikono, na uso kwa mwenye uso wa mafuta. Miguu, mapaja, tumbo na mikono ya juu hutosheka na maji, labda siku hiyo umeshinda kwenye grisi au umetoka kuparua samaki. Kuoga kwenyewe kusizidi dakika tano hadi kumi, na maji yasiwe ya moto. Dodoki litumike mara moja au mbili kwa wiki, kisha lianikwe juani. Linaloning'inia bafuni likiwa bichi mwezi mzima hulea bakteria na ukungu. Jikaushe kwa kugusagusa taulo. Ndani ya dakika tatu, ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta kidogo miguuni na mikononi, ambako tezi ni chache. Kijiko kimoja cha chai kinatosha miguu yote miwili. Mafuta yakibaki yanang'aa baada ya robo saa, umepaka mengi mno.

Wengi hutuuliza kuhusu udhu. Maji matupu mara tano kwa siku hayaondoi mafuta kwa kiasi cha kudhuru. Kausha tu kati ya vidole vya miguu, maana unyevu wa pale ndio unaoleta fangasi.

Kuna na desturi ya kutia dawa ya kuua vijidudu kwenye ndoo ya kuogea kila siku, watu wengine mpaka maji yawe meupe. Dawa hizo zilitengenezwa kwa majeraha na vifaa, kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye chupa. Zikitumiwa kila siku mwili mzima huwasha ngozi na kuua wale bakteria wenyeji wanaotusaidia, na nafasi ikishakuwa tupu hatujui nani ataingia kwanza. Mwenye jipu anaweza kuelekezwa na daktari kuoga kwa dawa maalumu kwa siku chache. Hilo ni tiba yenye mwanzo na mwisho.

Sasa nazi, maana huwezi kuzungumzia ngozi pwani ukaiacha. Karibu nusu ya asidi za mafuta zilizomo kwenye mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, lakini humo imefungwa ndani ya trigliseridi, kama ilivyo kwenye sebumu. Inahitaji vimeng'enya vya bakteria wa ngozi ili ifunguke, kwa hiyo usitegemee kumimina mafuta ya nazi juu ya jipu likapona. Panapofaa ni kwenye ngozi kavu na pumu ya ngozi. Utafiti mmoja wa Ufilipino uliochapishwa mwaka 2008 uliwalinganisha watu wazima wenye pumu ya ngozi, baadhi wakipaka mafuta ya nazi na wengine ya zeituni, na stafilokokasi walipungua zaidi kwa waliopaka nazi. Hilo tunaliamini kwa sababu linalingana na jambo jingine: ngozi ya mwenye pumu ya ngozi hupatikana na asidi ya sapieniki pungufu, na karibu kila mara stafilokokasi wamejazana juu yake. Mafuta ya zeituni, kwa upande wake, yana asidi ya oleiki nyingi inayolegeza ukuta wa ngozi, kwa hiyo bei yake kubwa haiyafanyi kuwa bora kwa mtoto mwenye ngozi inayowasha.

Nazi ina mipaka miwili. Uso wenye chunusi usiupake, kwa kuwa huziba vishimo. Wala usiyapake kwenye kichwa chenye mba au mgongo wenye mabaka meupe-meupe ambayo watu huyaita utangotango. Hayo husababishwa na hamira wa ngozi aitwaye Malassezia, ambaye hawezi kujitengenezea asidi za mafuta na huishi kwa kula zetu. Asidi ya lauriki ni miongoni mwa anazozitumia. Ukimpakia nazi umempakulia chakula. Hapo kinachotakiwa ni shampuu au krimu ya ketokonazoli.

Kwa wanaokamua wenyewe: tui lichemshwe taratibu hadi sauti ya kutokota ikome kabisa na masimbi, yaani mabaki ya tui, yageuke rangi ya kahawia ya kupauka, kwa maana maji yameisha. Chuja kwa kitambaa safi kilichokauka, weka kwenye chupa kavu. Mafuta yaliyobakiwa na maji huchacha, na yaliyochacha huwasha ngozi hata kama harufu yake inavumilika. Karafuu wanazotia watu humo ili yanukie zipungue au ziachwe. Mafuta ya karafuu huunguza.

Watoto ni habari nyingine. Mtoto huzaliwa na utando mweupe wa utelezi, ambao sehemu yake imetoka kwenye tezi zake mwenyewe zilizoamshwa na homoni tumboni. Utando huo una protini zinazoua bakteria, nao huhifadhi joto la mwili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe hadi saa 24 zipite baada ya kuzaliwa. Mabibi wengi hawapendi shauri hili, wanaona mtoto kaachwa mchafu. Tunawaambia mfuteni damu kwa kitambaa laini, utando uacheni, utanyonywa na ngozi wenyewe.

Miezi michache baadaye tezi hulala, na hubaki zimelala hadi karibu miaka saba au minane. Zikifika balehe ndipo zinapoamka kwa kishindo. Katikati hapo ngozi ya kichwa ya mtoto haina mafuta ya kutosha kujilinda, na ndiyo sababu mojawapo inayotajwa ya mapunye kuwapata wanafunzi wa msingi na wa madrasa huku walimu wao wakibaki salama. Tangu miaka ya 1940 ilionekana kwamba mapunye huweza kupona yenyewe mtoto anapobalehe, na asidi za mafuta za ngozi ya kichwa zikahusishwa na jambo hilo. Usisubiri balehe lakini. Krimu haifiki kwenye mzizi wa unywele, na kunyoa kipara pekee hakuponyi. Mtoto anahitaji griseofulvini ya kumeza kwa wiki sita hadi nane kwa kipimo cha uzito wake, anywe pamoja na chakula chenye mafuta ili ifyonzwe. Nao mama wengi huacha wiki ya tatu, nywele zinapoanza kuota.

Kosa la kinyume ni kumpaka mtoto mchanga mafuta ya mgando tele mchana wa Februari. Vile vipele vidogo vya shingoni na kifuani ni harara, matokeo ya vijitundu vya jasho kuziba. Ngozi ya mtoto huyo inataka hewa, nguo nyepesi ya pamba na maji ya kawaida. Mafuta yasubiri hadi vipele viishe.

Mkorogo tutausema kwa ufupi kwa sababu hauna upande wa pili wa kuujadili. Mikebe mingi ya kujichubua ina steroidi kali, mara nyingine pamoja na hidrokwinoni au zebaki, na viambato hivyo vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Steroidi hunyamazisha kinga ya ngozi na kuifanya nyembamba. Tezi za mafuta zipo, lakini walinzi waliozizunguka wamelazwa usingizi, ndiyo maana mtumiaji huota chunusi za mfanano mmoja kifuani na usoni, fangasi husambaa bila mpaka, na majipu hayakomi. Aliyetumia kwa miezi asikate ghafla. Ngozi hulipuka kwa wekundu na kuungua, naye hurudi kwenye kopo siku hiyohiyo. Apunguze kwa kufuatiliwa na daktari wa ngozi.

Turudi kwenye viganja na nyayo zisizo na tezi. Hapo ulinzi ni unene wa ngozi peke yake, na jasho ambalo lina protini yake ya kuua bakteria iitwayo demsidini. Wafanyakazi wa mkonge, hasa wanaolisha majani kwenye korona, ile mashine ya kutoa nyuzi, huyajua madhara ya utomvu: una fuwele za kalsiamu oksaleti zenye ncha kama sindano, ambazo huchoma na kuwasha. Asiyevaa glavu hupata michubuko midogo, na stafilokokasi huingia humo bila kukutana na mafuta yoyote ya kumzuia. Asuuze mikono kwa maji mengi yanayotiririka kabla ya sabuni, kwa sababu kusugua na sabuni kwanza huzidi kuzizamisha fuwele. Usiku apake mafuta ya mgando.

Kwa magaga, loweka miguu kwenye maji vuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, sugua kwa jiwe taratibu, kausha, paka mafuta ya mgando au krimu yenye urea ya asilimia 10 hadi 20, kisha vaa soksi za pamba ulale. Fanya hivyo kila usiku kwa wiki mbili. Usichonge kwa wembe. Ufa mpya unaoutengeneza ndio mlango, na mwenye kisukari anaweza kupoteza mguu kwa ufa kama huo.

Chakula kina sehemu yake pia. Maabara ileile ya Dallas ilionyesha mwaka 2019 kwamba ngozi hutengeneza protini nyingine ya kuua bakteria pale tu inapopata vitamini A. Panya walionyimwa vitamini hiyo walishambuliwa kirahisi zaidi. Tanga hatuna sababu ya kuikosa: maembe ya Muheza, mapapai, mchicha, matembele, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, maini mara mojamoja. Mboga zikipikwa kwa tui hufyonzwa vizuri zaidi. Vidonge vya vitamini A visinywewe kwa kubahatisha, na mjamzito asiviguse bila daktari, maana vikizidi humdhuru mtoto tumboni.

Jipu likishatokea, kazi ya tezi imeshapita na sasa ni kuusaidia mwili kulikomaza. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto yanayostahimilika, kandamiza juu ya jipu dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Usiliminye. Likipasuka lenyewe, osha, funika kwa bandeji kavu, badilisha kila siku. Likiwa laini katikati na halipasuki, nenda likapasuliwe kituo cha afya. Usaha uliofungiwa haufikiwi na dawa, ndiyo maana vidonge viwili vitatu vya antibayotiki kutoka duka la dawa havibadilishi chochote zaidi ya kuwafundisha bakteria usugu. Jipu la puani au mdomo wa juu, lenye homa, lenye mistari myekundu inayopanda, au la mtoto wa chini ya mwaka mmoja halisubiri maji ya moto. Ukiwa mjini, hospitali ya Bombo; ukiwa mbali, kituo chochote kilicho karibu, siku hiyohiyo.

Majipu ya kwapa na kinena mara nyingi hufuata wembe. Kwa Waislamu nywele za sehemu hizo haziachwi kupita siku 40, kwa hiyo ushauri wa kutonyoa hauna maana hapa. Nyoa baada ya kuoga, nywele zikiwa laini, kwa wembe mpya, ukifuata uelekeo wa nywele, bila kuivuta ngozi. Manukato na diodoranti viachwe hadi kesho yake. Mashine inayobakiza nywele za milimita moja ni salama zaidi kuliko wembe unaokwangua hadi ngozi, na kwa mwenye vipele vya kisogoni ni lazima iwe hivyo.

Nyumba ambayo jipu likitoka kwa baba linaingia kwa mtoto, tazameni pua. Karibu mtu mmoja kati ya watatu hubeba stafilokokasi puani bila kuumwa. Daktari anaweza kuwaandikia wote marhamu ya mupirosini, ipakwe ndani ya pua mara mbili kwa siku kwa siku tano, watu wote wa nyumba kwa wakati mmoja, la sivyo mmoja atawarudishia wenzake. Wiki hiyo mashuka, taulo na khanga zifuliwe kwa maji ya moto, zianikwe juani na kupigwa pasi, na kila mtu awe na taulo lake na wembe wake. Anayerudiwa na majipu apimwe sukari hata kama hasikii kiu wala hakojoi sana. Si mara chache jipu la tatu kuwa dalili ya kwanza ya kisukari.